Konokono wa Tangi Namba Nne

Konokono wa kwanza niliyemuua kazini nilimponda kwa kisigino cha kandambili. Mzee Magesa, aliyekuwa akinifundisha kazi, alinuna siku nzima. Si kwamba alimhurumia konokono. Alitaka kumtazama kwanza. "Ukimponda hata hujamjua," aliniambia, "unabaki na uchafu sakafuni, basi."

Wiki mbili zilizopita nilikabidhi funguo za chumba cha matangi. Ninyi vijana mliobaki mlinipa kitenge na chupa ya chai, mkaniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukipambana na konokono zamani, kabla ya vifaa mlivyonavyo sasa. Haya, naandika. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Yamo kwenye faili langu, na faili lenyewe nasikia halionekani. Nitaandika miaka yangu ya mwanzo tu, maana iliyofuata yote ilitokana na hiyo.

Nilifika Mwanza kwa meli kutoka Bukoba mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na cheti cha darasa la saba na sanduku la bati. Dada yangu alikuwa ameolewa huku, nikafikia kwake. Nikapata kazi kwenye kituo kidogo cha uvuvi ufukweni, upande wa Nyegezi. Barua ilisema nimeajiriwa kuwa mhudumu, nami nilidhani nitahudumia watu. Nikaingizwa kwenye chumba kirefu chenye paa la bati na matangi kumi na moja ya kioo, nikaambiwa, "Wahudumie hao." Humo walikuwamo furu wa kila rangi, sato wachanga, ningu, na kambare mmoja aliyekuwa na chuki na kila mtu. Wataalamu walikuja kutazama namna samaki wa ziwa letu wanavyozaa na kula, na wanafunzi wa shule za jirani waliletwa kuona kwa macho kile walichozoea kukiona kwenye sahani.

Mzee Magesa ndiye aliyekuwa msimamizi wa chumba hicho. Alikuwa Mkerewe mfupi, wa miaka hamsini na kidogo, na ndani ya koti lake la kaki alichomeka sindano kwenye ukosi. Kabla ya samaki alikuwa fundi cherehani. Ulimi wake haukuelewana na herufi ya l. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitikia, "Marahaba, binti. Hawa wanakura mara mbiri kwa siku." Mimi Mhaya mgeni nikajiuliza huu ni uchaguzi gani wa asubuhi na jioni.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na mpira wa kunyonyea maji machafu, na ili maji yaanze kushuka ulivuta kwa mdomo, ukameza kidogo, ukatema kingine. Tulikuwa na wembe uliofungwa kwenye kijiti kwa kukwangua kioo, na nyavu ndogo ambazo Mzee alizishona mwenyewe kutokana na vipande vya chandarua, mishono imebana kama ya suti. Maji tulichota ziwani, tukayatuliza kwenye mapipa siku tatu kabla ya kuyatia. Chakula kilikuwa dagaa waliosagwa. Umeme ukikatika, mashine ya hewa ilikaa kimya, nasi tukashika pampu ya baiskeli kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi.

Sheria kubwa ya Mzee Magesa ilikuwa moja. Majani yoyote ya ziwani, kabla ya kuingia kwenye tangi, yalikaa siku tatu kwenye karai la maji ya shabu, ile chumvi chachu inayoua konokono na mayai yake. Baada ya hapo aliyasuuza, akayapeleka dirishani na kuyakagua jani kwa jani, juu na chini, kama mama anayemtafuta chawa mwanawe. Shabu yenyewe aliitunza kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko. Ilikuwa adimu dukani, kama vitu vingi miaka ile, na alipoipata alinunua yote.

Mwezi wangu wa tatu Mzee alikwenda kwao Ukerewe kwenye msiba. Aliniachia chumba kwa wiki mbili, nami kichwa kikavimba. Siku ya nne mkuu wa kituo, Ndugu Masalu, akaniambia kesho yake wangekuja wanafunzi wa shule ya msingi ya jirani. Nikalitazama tangi namba nne, la mbele kabisa karibu na mlango. Ukiacha furu wachache, lilikuwa tupu na mawe yake matatu, kama chumba cha bwana harusi aliyekimbiwa. Nikashuka ufukweni, nikang'oa majani mabichi kando ya mahali mitumbwi inapoegeshwa, nikayasuuza kwenye ndoo, nikayapanda. Siku tatu za shabu sikuwa nazo, maana wageni walikuwa wa kesho.

Lilipendeza. Watoto walilizunguka, wakatumbukiza mikono kugusa majani, mwalimu wao akauliza jina langu. Ndugu Masalu alinisifu mbele ya watu. "Ndugu Kokushubira ana jicho," alisema. Nakiri kwamba nilikwenda nyumbani nikitembea kama mke wa chifu.

Mzee aliporudi alilitazama lile tangi, akaendelea na kazi. Siku chache baadaye niliona chini ya jani moja kitu cheupe, laini kama ute wa yai, chenye vitone vidogo ndani. Nikamkimbilia Mzee. "Njoo uone, furu wametaga!"

Alikuja na kioo chake cha kukuzia. Akainama kwa muda mrefu.

"Furu anabeba mayai mdomoni," alisema taratibu. "Haachi mayai yake kwenye jani. Haya ni ya konokono." Kisha akaniinulia macho. "Haya majani yarikaa kwenye shabu?"

Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Siku tatu."

Akaniamini. Sikuwa nimetegemea aniamini upesi hivyo. Alikwenda kabatini, akafungua kopo lake, akaonja shabu kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa. "Basi hii imekufa," alisema. "Imekaa sana. Kosa rangu, ningeonja kabra ya kusafiri." Akatoka nje na kopo zima, akaimwaga shabu yote shimoni. Mimi nilikuwa nimesimama na wavu mkononi. Ningeweza kusema pale pale. Nilishughulika na kukwangua kioo kisichokuwa na kitu.

Wiki tano baadaye hapakuwa na tangi lililosalimika. Mpira ulikuwa mmoja na nyavu tulizihamisha tangi hadi tangi, kwa hiyo tuliwasafirisha konokono wenyewe bila nauli. Walijibandika kwenye vioo kama maharage yaliyomwagika. Walitoboa majani, waliziba mirija ya hewa, na waliokufa walioza na kuyafanya maji yawe meupe. Tuliwaokota kwa mkono asubuhi, tukijaza kopo, na jioni tukawakuta wengine wa ukubwa ule ule, kana kwamba hatukuwagusa. Watu wakaanza kusema ni mkono wa mtu. Mzee alikataa maneno hayo. Alisema ni mkono wake mwenyewe, uliotunza shabu mbovu, na alimwambia hivyo Ndugu Masalu ana kwa ana, mimi nikisikia kutoka nyuma ya mapipa.

Wakati huo ilikuwa imebaki kama miezi minne tu kufika maonyesho ya Saba Saba, na kituo chetu kilitakiwa kupeleka tangi moja kwenye uwanja wa Nyamagana. Ndugu Masalu hakulala usingizi mzuri. Alikuwa mtu wa mafaili, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na aliona aibu kubwa kupeleka konokono mbele ya mkoa mzima.

Ndipo akaja Bwana Afya wa wilaya, aliyepita kukagua vyoo vya kituo. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya upole. Aliingia chumba cha matangi kupunga upepo tu, akasimama mbele ya namba nne, akaacha kuzungumza.

"Dada," aliniambia, "hawa mmewatoa wapi?"

"Ziwani," nikasema.

"Wengi hapa hawana neno. Lakini huyu mbapa, aliyejiviringa kama kamba iliyokunjwa, namfahamu. Huyu ndiye anayebeba kichocho cha tumbo. Sisemi kila mmoja anao ugonjwa. Nasema kwa macho huwezi kujua yupi anao." Akaitazama mikono yangu iliyolowa mpaka kwenye kiwiko. "Na kichocho hakihitaji kunywewa. Kinapita kwenye ngozi."

Nilifikiria mikono. Yangu na ya Mzee ilishalizoea ziwa. Nilifikiria ile mingine midogo, iliyotumbukia siku ile kushika majani ninayojua mimi peke yangu yalikotoka.

Bwana Afya alisema kuna mrututu, ile dawa ya buluu, inayoua konokono kwenye mifereji. Ndugu Masalu hakungoja amalize. Aliagiza itiwe kwenye matangi yote siku hiyo hiyo.

"Mkuu," alisema Mzee Magesa, "mrututu haujui konokono ni nani na samaki ni nani."

"Tutatia kidogo."

"Kidogo cha mfereji ni kingi kwa tangi. Nipe tangi moja nijaribu."

Walibishana mpaka Ndugu Masalu akakubali tangi moja. Mzee alichagua namba tisa, na sikuelewa kwa nini, maana humo alikuwamo furu mwekundu aliyemlea tangu akiwa mdogo kama punje ya mchele. Baadaye nilielewa kwamba hakutaka kujaribia samaki wa mtu mwingine. Asubuhi iliyofuata samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi. Kufikia mchana walikuwa wamekufa kumi na wawili, na yule mwekundu alikuwa wa mwisho. Konokono nao walikufa, wengi, wakaoza, na harufu ikafika ofisini. Mzee aliwatoa samaki mmoja mmoja kwa wavu, akawapanga juu ya gazeti. Alichomoa sindano kwenye ukosi, akaitazama, akairudisha.

Ndugu Masalu alipandwa na hasira, na kwa kuwa hasira ya mkubwa haipendi kurudi kwa mwenyewe, ilimwangukia Mzee. Sasa alikuwa na makosa mawili: ameleta konokono na ameua samaki. Ukaitishwa mkutano wa wafanyakazi Ijumaa, ajenda ikiwa moja, uzembe katika chumba cha matangi. Karani alininong'oneza kwamba barua imeshapigwa chapa. Mzee angeondolewa, apelekwe kulinda ghala kwenye kituo cha mbali, akamalizie huko mwaka mmoja uliobaki kabla ya kustaafu.

Ninyi mnanijua kama mama asiyeogopa kusema. Siku hizo sivyo nilivyokuwa. Nilikuwa bado kwenye majaribio, bila rafiki, na dada yangu alikuwa amenieleza mara kadhaa jinsi shemeji alivyohangaika kunitafutia kazi. Alhamisi nilikwenda kanisani kwetu, Kilutheri, kumwomba Mungu apatikane njia ambayo Mzee atapona nami nisiseme. Nilikaa pale muda mrefu. Njia ya namna hiyo haikupatikana.

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la nyavu. Tulikuwa watu kama ishirini, tumekaa juu ya marobota. Ndugu Masalu alisoma makosa. Kisha akamwuliza Mzee kama ana la kusema.

"Shabu irikuwa mbovu na niriitunza mimi," Mzee akasema. "Sina ra kuongeza."

Nikasimama. "Shabu haikuwa mbovu," nikasema. "Majani niliyaleta mimi, Mzee akiwa msibani. Hayakukaa kwenye shabu hata saa moja. Aliponiuliza, nilimdanganya."

Karani aliacha kuandika, kisha akaandika haraka sana.

"Ndugu Kokushubira," alisema Ndugu Masalu, "unajua unachosema?"

"Najua. Hata lile tangi ulilonisifia, ndilo."

Hapo watu wawili watatu wakacheka, na nadhani kicheko hicho kilinisaidia, maana Ndugu Masalu alikumbuka kwamba naye alikuwapo. Hata hivyo alisema lazima nifukuzwe. Mzee Magesa akaomba kusema tena. Nilitazamia anitetee kwa upole. Hakuwa mpole hata kidogo.

"Huyu amenifanya nimwage kopo zima ra shabu," alisema. "Kopo zima! Nirikaa miezi saba nikiitafuta. Akifukuzwa ataondoka na deni rangu. Abaki. Asafishe matangi yote kumi na moja, na konokono wa mwisho anioneshe mimi."

Nilipewa barua ya onyo, na barua ya Mzee haikutoka kwenye droo. Kwa siku tisa hakuzungumza nami ila ya kazi. "Ndoo." "Wembe." "Hapo bado." Siku ya kumi alinipa kipande cha muhogo, nikajua tumefika mahali fulani.

Lakini kabla ya matangi, lilikuwapo jambo la watoto. Nilimfuata Bwana Afya ofisini kwake nikamweleza yote. Akanisikiliza, akachukua kofia, tukaenda pamoja shuleni kwa mguu. Mwalimu alinikumbuka. Nilimweleza mbele ya darasa lake kwamba tangi walilolishika lilikuwa na konokono wa kichocho, na kwamba ni mimi niliyewaweka bila kujua. Bwana Afya akagawa vikopo vya kuwekea choo cha kupimwa. Kituoni kwetu nako aligawa, na Ndugu Masalu, aliyesema yeye hajawahi kukanyaga maji ya ziwa, alipewa chake kama wengine.

Majibu yalikuja. Karibu nusu ya darasa walikuwa nacho. Mimi nilikuwa nacho, Mzee alikuwa nacho, na Ndugu Masalu alikuwa nacho, akaomba jambo hilo lisiingie kwenye faili. Nilimwuliza Bwana Afya ni watoto wangapi walikipata kwangu.

"Dada, watoto hawa wanaogelea ziwani kila siku ya Mungu. Labda hakuna hata mmoja. Labda yupo. Huwezi kujua, na mimi siwezi kukuambia."

Tulimeza dawa iliyotutapisha wote. Kama watoto wasingepimwa kwa ajili ya kosa langu, wasingetibiwa mwaka ule. Nimewahi kujifariji kwa hilo, na siku nyingine halinifariji. Nawaachia kama lilivyo.

Sasa matangi. Kwanza, mdomo ulikoma kugusa mpira. Tuliuzamisha wote kwenye ndoo ya maji safi mpaka ukajaa, tukaziba ncha kwa kidole, na tulipoachia maji yakashuka yenyewe. Mikono ilikaa nje, tukatumia koleo na mwiko mrefu. Pili, kila tangi lilipata wavu wake na kipande chake cha mpira. Mzee alishona uzi wa rangi kwenye kila mpini, mwekundu wa namba moja, wa kijani wa namba mbili, mpaka rangi zikaisha, akaanza kufunga mafundo. Tatu, jioni tulizamisha jani la kabichi lililofungwa kwenye jiwe. Asubuhi ukilitoa polepole linakuja na konokono arobaini, hamsini, wamelewa shibe. Tuliwatia kwenye maji yanayochemka. Mayai tuliyakwangua kwa wembe kila siku ya pili.

La nne ndilo kubwa kuliko yote, na ninyi huwa mnalipuuza. Tulipunguza chakula. Konokono hazaliwi na bahati mbaya, anazaliwa na makombo. Samaki akimaliza unga wa dagaa kabla hujahesabu mia, umempa wa kutosha. Ukibaki chini, unamlisha konokono, naye atakushukuru kwa watoto mia mbili.

Mzee aliongeza dawa yake ya tano. Alikwenda na mtumbwi mpaka kwenye miamba, akarudi na furu wawili wa rangi ya kijivu, wasio na uzuri wowote. "Watazame hawa," aliniambia. Aliwatia kwenye namba nne. Konokono mmoja alitoa mguu wake ili atembee, na furu akamdaka kwa meno kabla hajaurudisha, akamtikisa, akamvuta mpaka akatoka mzima. Gamba tupu likashuka chini likizunguka. Nilipiga kelele kama mtu aliyeona goli. Wale wawili tuliwahamisha tangi hadi tangi, wiki kwa wiki, nao wakanenepa.

Tangi namba moja tu ndilo lililotushinda. Wakati huo lilikuwa limehamishiwa kwenye kibaraza cha ofisi ili wageni walione. Tulifanya yote, na konokono walizidi. Asubuhi moja niliwahi kazini nikamkuta Ndugu Masalu amesimama mbele yake, anamega chapati yake ya chai na kuwarushia samaki, akiwaongelesha kwa Kisukuma. Nilirudi nyuma kimyakimya, nikamweleza Mzee.

"Utamwambiaje mkubwa?" nikauliza.

Mzee alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa wino mzito, akakining'iniza kwenye tangi: SAMAKI HAWA WAGONJWA. WASILISHWE.

Kesho yake Ndugu Masalu alikuja mbio, chapati mkononi. "Wasilishwe kwa nani?" aliuliza. "Wizarani? Mbona sikuletewa barua?"

"Wa-si-rishwe, Mkuu," Mzee akasema. "Wasipewe chakura."

Ndugu Masalu aliisoma tena, midomo ikicheza. Akaitazama chapati. Akaila yote pale pale, taratibu, akaingia ofisini na kufunga mlango. Wiki tatu baadaye namba moja lilikuwa safi.

Konokono wa mwisho nilimwona namba saba, nyuma ya jiwe. Nilimpeleka kwa Mzee kwenye kijiko. Alimtazama kwa kioo chake juu na chini. "Mbapa," alisema. "Mpe Bwana Afya. Ana kazi naye."

Kazi yenyewe ilikuwa Saba Saba. Bwana Afya alitaka, kando ya tangi letu la furu wa rangi, iwekwe chupa ya kioo iliyofungwa kwa lakiri, ndani yake konokono wabapa kumi, huyo wetu na tisa wa ziwani, na kipande cha jani, na juu maandishi: HUYU NDIYE. Ndugu Masalu alipinga kwa nguvu. Aliona tumehangaika miezi kuwaondoa, leo tunawapeleka uwanjani kwa mikono yetu. Alikubali kwa shingo upande. Basi Mwanza nzima ikawapita furu wetu warembo na kupanga foleni mbele ya chupa.

Mwanamke mmoja alikaa pale kuliko wote. Aliitwa Mama Nyamizi, kutoka kijiji kimoja cha ujamaa mbele ya Igoma, upande wa barabara ya Musoma, walikohamishiwa kandokando ya bwawa. Alikuwa na mtoto mgongoni, tumbo la mtoto limevimba.

"Hawa wamejaa kwenye majaruba yetu ya mpunga," aliniambia. "Watoto wanawachezea kama kete. Unasema tusiingie majini?"

"Ndiyo, Mama. Msiingie, na watoto wasiogelee."

"Na maji ya kunywa nichote wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali la konokono, maisha yake, chakula chake, mayai yake. Hilo sikuwa nalo.

"Sijui, Mama," nikasema.

"Basi umeniletea hofu bila ndoo," alisema, akaondoka.

Nilimsimulia Bwana Afya na Ndugu Masalu. Na hapa nimpe Ndugu Masalu haki yake: mtu wa mafaili ana faida yake anapokuwa upande wako. Aliandika barua sita za kukiombea kijiji kisima. Akapata mabomba ya saruji, akapata fundi, akatoa gari la kituo. Kijiji kikatangaza msaragambo, kila mtu atoke kuchimba pamoja na wenzake. Nilikwenda kila Jumamosi na chupa yangu, nikiwaonesha watu huku wakichimba, na nilipomaliza kuonesha nilishika sururu. Mzee Magesa alikuja mara mbili, akalalamika kwamba udongo wa huko haujui adabu. Alistaafu kabla hatujafika majini, akarudi Ukerewe kwa heshima zake zote, na kioo chake cha kukuzia akaniachia mezani bila kuniambia.

Maji yalipatikana kiangazi cha mwaka uliofuata, baada ya kuvunja mwamba siku kumi na moja. Ndoo ya kwanza ilipanda na tope jekundu, ya pili vilevile, ya kumi ikaanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Watu walikuwa wengi, wanaimba. Mama Nyamizi alisogea akiwa na kata, akachota kutoka kwenye ndoo hiyo, akanijia mbele ya kijiji kizima.

"Wewe ndiye uliyetukataza yale mengine," alisema. "Anza wewe."

Nilisema ni vizuri tungoje yatulie, labda tuyachemshe, Bwana Afya mwenyewe angesema hivyo. Alinyoosha kata, na mtoto alinichungulia juu ya bega lake. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikanywa mpaka chini, mchanga ukinikwaruza koo, na alipoona kata iko tupu akachota tena, akanywa yeye.